Utashi wa kisiasa dhidi ya rushwa: unaonekana wapi, unakatikia wapi

Karibu kila mjadala wa rushwa nchini Tanzania, uwe wa redioni, bungeni au kwenye kijiwe cha kahawa pale Magomeni, huishia kwenye kauli moja: kinachokosekana ni utashi wa kisiasa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ikiachwa hapo inampotosha msikilizaji. Anabaki akiamini kwamba utashi ni kitu kilichojificha kifuani mwa kiongozi, na kwamba nchi ikijaliwa mkali imepona. Wakali tumewapata, na wapole tumewapata. Katika awamu zote rushwa imepungua mahali na kuota mahali pengine, na sababu zake zinaweza kufuatiliwa kwenye sheria, majalada na ratiba za Bunge bila kupekua moyo wa mtu.

Tuuchukue basi utashi wa kisiasa kwa maana finyu, inayokagulika. Ni uamuzi wa kupambana na rushwa ambao unamgharimu anayeutoa, au unawagharimu watu wa upande wake. Kumtimua mkurugenzi aliyewekwa na mtangulizi wako hakukugharimu kitu. Pengine kunakuongezea makofi. Kukubali sheria inayomwezesha mchunguzi kumfikisha mahakamani waziri wako bila kupita kwako, hiyo ni gharama. Kwa kipimo hicho, mambo mengi yanayosifiwa kuwa utashi yanapungua uzito, na mengine ambayo hayakupigiwa vigelegele yanaonekana kuwa ndiyo yenyewe.

Jalada linavyosafiri

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, ndiyo iliyoiunda taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, kama tunavyoijua leo na kuipanulia orodha ya makosa. Kwa upande wa safari ya jalada, makosa hayo yamegawanyika mafungu mawili. Kosa la kifungu cha 15 ni hongo tunayoijua sote: kuomba, kupokea, kutoa au kuahidi kitu ili jambo lifanyike au lisifanyike. Hilo TAKUKURU inaweza kulipeleka mahakamani bila kuomba ruhusa. Mengine yote, kwa mujibu wa kifungu cha 57, yanahitaji kwanza kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP. Na ni katika hayo mengine ndimo inamokaa rushwa kubwa: kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri (kifungu cha 22), mali isiyo na maelezo (27), ubadhirifu (28), matumizi mabaya ya madaraka (31).

Angalia tofauti ya mwendo. Mtendaji wa mtaa anayedai elfu hamsini ili apige muhuri barua ya utambulisho ananaswa kwa mtego. Mlalamikaji anafika ofisi ya TAKUKURU, noti zinaandikwa namba, anarudi nazo, mtendaji anapokea, maafisa wanaingia. Ushahidi ni noti, mlalamikaji na mashahidi wachache. Adhabu kama ilivyoandikwa mwaka 2007 ni faini kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili.

Jalada la kifungu cha 31 ni zito zaidi. Mwendesha mashtaka anatakiwa athibitishe kwamba mtuhumiwa alitumia cheo chake makusudi, kwamba alivunja sheria, na kwamba lengo lilikuwa yeye au mtu mwingine apate manufaa yasiyo halali. Hakuna noti ya mtego hapo. Kuna dokezo sabili (maandishi ya ndani ya ofisi), mhtasari wa bodi ya zabuni, barua za msamaha wa kodi, hati za malipo. Na jalada hufia humo kwa sababu ambayo kila mtumishi wa umma anaijua: uamuzi mkubwa mara nyingi haukuandikwa. Ulikuja kama "maagizo kutoka juu", kwa simu, na aliyebaki na sahihi yake kwenye faili ni mhasibu au afisa ugavi. Mchunguzi akifuata folio, yaani kurasa za faili, hadi ya mwisho anamkuta aliyetii, aliyeagiza hayumo. Dagaa wanavuliwa, papa anapita juu ya nyavu, na hapo hakuna aliyelazimika kumpigia simu mchunguzi amwambie aache.

Ndiyo maana kesi ya Basil Mramba na Daniel Yona inafaa kusomwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka. Mawaziri hao wa zamani walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu Novemba 2008, na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, akaunganishwa nao. Kesi ilihusu mkataba wa kukagua uzalishaji wa dhahabu na msamaha wa kodi uliodaiwa kuitia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Hukumu ilitoka Julai 2015. Mgonja aliachiwa, mawaziri wakapewa miaka mitatu. Rufaa ikapunguza ikawa miwili. Februari 2016 wakabadilishiwa kifungo cha nje na kupangiwa kufanya usafi Hospitali ya Sinza Palestina. Watu wengi wanakumbuka usafi huo tu. Kinachofundisha zaidi ni kwamba kesi ilisimama kwa sababu kulikuwa na karatasi. Mamlaka ya Mapato (TRA) ilikuwa imeshauri kwa maandishi kwamba msamaha usitolewe, na ushauri huo ukapuuzwa. Bila barua hiyo, mahakama ingebaki na neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Serikali inayotaka kweli kupambana ingeweza kuanza hapo kwa waraka mmoja: agizo lolote la mdomo kuhusu fedha au mkataba liandikwe kwenye faili na aliyelipokea, siku hiyohiyo, likimtaja aliyeagiza, na anayeandika alindwe. Waraka wa namna hiyo hauhitaji bajeti. Gharama yake yote ingebebwa na wakubwa, na kwa maoni yetu ndiyo sababu hausukumwi.

Rudi kwenye kibali cha DPP. Kina hoja zake: kinazuia kesi mbovu zisifunguliwe kwa chuki. Shida ni kwamba DPP huteuliwa na Rais, na sheria inampa pia uwezo wa kuondoa shauri la jinai mahakamani wakati wowote kabla ya hukumu. Anapokataa kibali au kuondoa kesi, mwananchi hapewi sababu. Jalada linalolala halina mtu wa nje anayeuliza linalala kwa nini.

Ripoti ya CAG na miezi kumi na sita

Chanzo kikubwa cha majalada ya rushwa kubwa ni ukaguzi. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) awasilishe taarifa kwa Rais, na Rais aagize ipelekwe Bungeni ndani ya siku 7 tangu kikao kinachofuata kuanza. Rais asipofanya hivyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Kifungu hicho ni mfano mzuri wa utashi ulioandikwa: aliyekitunga alikubali mapema kwamba hata Ikulu ikigoma, ripoti itatoka.

Baada ya hapo kasi inapotea. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. CAG anakabidhi mwisho wa Machi mwaka unaofuata, ripoti inawekwa mezani Aprili, kisha inakwenda kwenye kamati: PAC kwa serikali kuu, LAAC kwa halmashauri, PIC kwa mashirika yenye mtaji wa umma. Kamati zinawahoji maafisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, na mjadala wa Bunge zima unakuja Novemba. Ripoti za mwaka ulioishia Juni 2022, kwa mfano, zilijadiliwa Novemba 2023. Ni miezi kumi na sita. Katika muda huo mweka hazina amehamishiwa mkoa mwingine, mkandarasi amefunga kampuni na kusajili nyingine, na mashine ya kukusanyia mapato iliyokuwa na kumbukumbu za makusanyo yasiyopelekwa benki "imeharibika".

CAG mwenyewe hana mamlaka ya kushtaki. Akihisi jinai anaviarifu vyombo vya uchunguzi, na hapo safari ya jalada inaanza upya tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu kiwango cha ushahidi wa ukaguzi si kile cha mahakama. Mkaguzi anasema "hati za malipo hazikuonekana". Hakimu anauliza nani alizificha. Wachunguzi wakiitwa wakati ukaguzi bado unaendelea, nyaraka zinashikwa zikiwa za moto. Wakiitwa baada ya mjadala wa Novemba, wanakuta kabati tupu. Kwa hiyo, unaposikia kiongozi amepokea ripoti kwa maneno makali, swali lenye manufaa ni tarehe ambayo TAKUKURU ilikabidhiwa hoja ile ya ukaguzi.

Kiti kinachotikisika

Taasisi ya kupambana na rushwa inapata ujasiri wake kutokana na usalama wa kiti cha mkuu wake. Edward Hoseah aliongoza tangu 2006 hadi Desemba 2015, Rais John Magufuli alipotengua uteuzi wake. Kuanzia hapo hadi Mei 2021 kiti hicho kilipita mikononi mwa watu wanne. Uchunguzi mkubwa wa mkataba wa kimataifa huchukua miaka miwili, mitatu. Mkuu anayejua kwamba anaweza kuondolewa kwa tangazo la jioni hawezi kupanga kazi ya miaka mitatu. Atapanga kazi itakayoonekana wiki ijayo. Hivyo takwimu za kesi zinaweza kupanda huku uzito wa kesi ukishuka.

Kwa CAG mambo yalikwenda mbali zaidi. Profesa Mussa Assad, akihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2018, alieleza kuwa kutotekelezwa kwa mapendekezo ya ukaguzi ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai alimwita kwenye kamati ya maadili, na Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba 2019 nafasi yake ikajazwa na mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa huko kulikiuka Katiba. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa tayari imejitoa kwenye Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ambao iliwahi kujiunga nao kwa hiari.

Yote haya yalitokea katika kipindi ambacho serikali ilikuwa kali dhidi ya rushwa kuliko wakati mwingine wowote baada ya Azimio la Arusha. Hilo ndilo fundo linalowachanganya wengi, na linahitaji kufunguliwa taratibu.

Ukali ule ulikuwa wa kweli. Wiki chache baada ya Magufuli kuapishwa Novemba 2015, ilibainika kwamba makontena 349 yaliondoka bila kulipiwa kodi, na Kamishna Mkuu wa TRA akasimamishwa. Divisheni ya Mahakama Kuu ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ilianzishwa mwaka 2016 kwa mashauri ya kuanzia shilingi bilioni 1. Watumishi hewa waliondolewa kwenye orodha za mishahara. Katika kielelezo cha Transparency International, ambacho hupima maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, Tanzania ilitoka alama 30 kati ya 100 mwaka 2015 hadi 38 mwaka 2020, na ilikuwa 41 mwaka 2024. Anayesema hakuna kilichobadilika hasemi kweli.

Lakini pima kwa gharama. Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wananchi wakauliza kuhusu wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wengine wa kuteuliwa. Jibu rasmi likawa kwamba uhakiki haukuwahusu viongozi wa kisiasa, kwa kuwa sifa ya nafasi hizo ni kujua kusoma na kuandika. Kisheria jibu hilo linasimama. Kwa upande wa utashi, lilichora mstari ulioonekana na kila mtu: muuguzi na mwalimu upande huu, wateule upande ule.

Na "kutumbua" kwenyewe, yaani kumwondoa mtu cheoni papo hapo, kuna udhaifu wa kiufundi. Tangazo la kawaida husema uteuzi umetenguliwa na mhusika "atapangiwa kazi nyingine". Hapo hakuna tuhuma iliyoandikwa, hakuna utetezi, hakuna kumbukumbu itakayomzuia kurudi. Asiye na hatia hawezi kujisafisha, na mwenye hatia hajaadhibiwa. Adhabu inayozuia wizi ni ile ambayo mtu anaweza kuibashiri kabla hajaiba. Hasira ya mkubwa haibashiriki. Watumishi hujifunza kuikwepa, na njia rahisi ya kuikwepa ni kutoamua lolote. Mafaili yanakaa.

Mifumo, na pesa inavyotafuta njia

Kazi ya kudumu zaidi ya kipindi hicho haikupigiwa ngoma. Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamishiwa kwenye mfumo wa GePG, ule wa kontroli namba. Zamani mkusanyaji alikuwa na kitabu cha stakabadhi na droo ya fedha. Nakala ya mteja ingeweza kusoma 100,000 na ya ofisi 10,000. Kwa kontroli namba fedha inakwenda benki au kwa simu moja kwa moja, na karani haigusi. Mlango ule ulifungwa.

Pesa ikatafuta mlango mwingine, kwenye makadirio. Kariakoo inafundisha hili vizuri. Mzigo wa shilingi milioni 1 ukiuzwa kwa risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 unakuwa 1,180,000. Mnunuzi anayepeleka mkoani, ambako naye atauza bila risiti, anauliza bei ya pili, ile isiyo na risiti, na muuzaji anampa. Mauzo yaliyoandikwa yanakuwa madogo kuliko halisi, na afisa wa kodi anajua. Tuseme kodi halali ni milioni 30. Afisa anakuja na kadirio la milioni 60, mazungumzo yanafanyika, na mwisho mfanyabiashara analipa milioni 15 kwa kontroli namba na milioni 10 mkononi. Mfanyabiashara ameokoa milioni 5 dhidi ya kodi halali, afisa kapata 10, serikali imepoteza 15, na kwenye mfumo kila kitu kinang'aa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata na kubughudhiwa na maafisa wa kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Kikosi cha kukamata wasiolipa kodi kinaweza kusitishwa kwa kauli ya jukwaani, lakini mlango ulikuwa bado wazi: mtu yuleyule anakadiria, anajadiliana na anapunguza. Kuufunga kunataka utaratibu mkavu. Anayekadiria asiwe anayekutana na mlipakodi. Kila punguzo liandikwe sababu. Liidhinishwe na afisa wa ofisi nyingine. Na mafaili yapangwe kwa bahati nasibu ya kompyuta.

Ununuzi wa umma una hadithi inayofanana. Mfumo wa zabuni wa kielektroniki, NeST, ulioanza mwaka 2023 na kupewa nguvu na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo, unaonyesha nani aliomba zabuni, saa ngapi, kwa bei gani. Kuingiza bahasha baada ya muda kufungwa, mchezo wa miaka mingi, kumekuwa kugumu. Ila zabuni ina mwanzo na mwisho ambao mfumo unausikia tu kutoka kwa watu. Mwanzoni idara tumizi huandika vigezo, na vigezo vinaweza kushonwa kwa kipimo cha mzabuni mmoja: uzoefu wa miaka kadhaa kwenye kifaa ambacho ni kampuni moja tu inakileta nchini. Mwishoni kamati ya mapokezi inasaini kwamba madawati 500 yamefika; yakifika 430 na saini ikasema 500, mfumo utalipa 500. Katikati kuna nyongeza ya kazi: mkandarasi anashinda kwa bei ya chini kuliko wote, kisha ndani ya miezi michache "hali ya udongo" inapandisha mkataba. Mwandishi au diwani anayetaka kuona upigaji wa siku hizi aanze na nyongeza za kazi na hati za mapokezi, ndipo atazame ufunguzi wa zabuni.

Kurejesha fedha kwa hisani

Kuna desturi moja inayovuka awamu. Mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje (EPA) ya Benki Kuu na kulipwa kampuni 22. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008, na Rais Jakaya Kikwete akatoa muda hadi 31 Oktoba 2008: atakayerejesha kabla ya hapo hatashtakiwa. Miaka kumi na moja baadaye, Septemba 2019, Rais Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurejesha; DPP akatangaza kwamba 467 wamekubali kulipa shilingi bilioni 107.8.

Kupata fedha bila kesi ya miaka saba ni jambo lenye mantiki, na nchi nyingi zina makubaliano ya kukiri kosa. Ubaya umo kwenye namna. Ya 2008 haikuwa na kifungu cha sheria nyuma yake; ilikuwa kauli. Ya 2019 ilikuja na sheria mpya ya makubaliano, lakini ilitumika kwa watu waliokuwa mahabusu kwa kosa la utakatishaji fedha, ambalo halina dhamana, na mtu aliyekaa gereza la Segerea au Keko miaka mitatu bila hukumu husaini chochote. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba sehemu ya fedha zilizokusanywa kwa makubaliano hayo hazionekani zilipo. Makubaliano yanayosimama yana vitu vinne visivyokwepeka: maelezo ya kosa yaliyoandikwa, kiasi kilichokokotolewa na mtu asiye mwendesha mashtaka, hakimu anayeuliza kama mshtakiwa alilazimishwa, na akaunti moja inayokaguliwa na CAG. Kikikosekana kimoja, urejeshaji wenyewe unageuka mradi.

Kwa nini gharama ni kubwa

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: kama marekebisho ni karatasi na utaratibu, kwa nini hayafanyiki? Jibu kubwa liko kwenye uchaguzi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kukirimu wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta ikisema inakiuka Katiba. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, yenye ukomo wa matumizi na masharti ya kutaja michango. Maandishi ni mazuri. Katika maisha, kura za maoni ndani ya chama ndizo ghali zaidi, kwa sababu wapiga kura ni wajumbe wachache wanaojulikana kwa majina, na nauli, posho na "maji" vinaweza kumfikia kila mmoja mlangoni. Aliyetumia mamilioni kupata jina huingia ofisini na deni, na mdai wake ni mfanyabiashara anayengoja zabuni au msamaha. Kiongozi wa juu anayemgusa mfanyabiashara huyo anagusa mtandao uliomleta yeye na wabunge wake. Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ilionyesha bei hiyo: Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa na mawaziri wengine wawili walijiuzulu, na chama tawala kikapasuka makundi kwa miaka.

Wala si sisi peke yetu. Uingereza, ambayo wachunguzi wake walifuatilia mauzo ya rada ya kampuni ya BAE kwa Tanzania na kusababisha kampuni hiyo kulipa pauni milioni 29.5 zilizonunua vitabu na madawati, ilisimamisha mwaka 2006 uchunguzi wa kampuni hiyohiyo kuhusu Saudi Arabia baada ya serikali kusema usalama wa taifa uko hatarini.

Hong Kong hutajwa mno, lakini kwa kawaida hutajwa nusu. Tume yake ya ICAC ilianzishwa Februari 1974 baada ya afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, kutoroka akiwa anachunguzwa. Godber alirudishwa Hong Kong akafungwa, tume ikawaendea polisi wengine, na Oktoba 1977 polisi wakavamia ofisi za tume. Gavana alirudi nyuma: akasamehe makosa mengi ya kabla ya 1 Januari 1977. Utashi ulipungua, ila tume haikufa. Sehemu inayostahili kuigwa ni ndogo na haina sifa za sinema: ICAC haiwezi kuufunga uchunguzi kimyakimya, kwa sababu kamati yenye wananchi wasio watumishi wake hupitia mashauri na kushauri kabla hayajafungwa. Jalada linalolala lina mtu wa kuliuliza. Kamati ya namna hiyo hapa, yenye jaji mstaafu, mhasibu na watu wawili watatu wasio na uteuzi mwingine, ingeweza kupitia majalada yaliyonyimwa kibali cha DPP na kutoa idadi na sababu kila mwaka bila kutaja majina.

Cha kukagua mwenyewe

Ripoti za CAG huwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi baada ya kuwasilishwa Bungeni Aprili. Fungua ile ya Serikali za Mitaa, tafuta halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na kabla ya kusoma hoja mpya nenda sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Imegawanywa: yaliyotekelezwa, yanayoendelea, ambayo hayajatekelezwa, yaliyopitwa na wakati. Fuatilia fungu hilo la mwisho, kwa sababu hoja nyingi nzito hukimbilia humo. Hoja inayojirudia miaka mitatu mfululizo kwa afisa masuuli yuleyule ndiyo ya kumpelekea diwani au mbunge, ukiwa na namba ya ukurasa.

Ukiombwa hongo, piga 113 kabla ya kutoa. Mtego unahitaji maandalizi, na ukishatoa fedha ushahidi unapungua, tena kifungu cha 15 kinamhusu mtoaji pia. Andika jina na cheo, ofisi, tarehe na saa, kiasi, maneno yaliyotumika, namba ya faili au kontroli namba ya huduma yako, na nani mwingine alikuwepo. Hifadhi ujumbe wa simu kama ulivyo; picha ya skrini pekee hupingwa kirahisi mahakamani. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Anayeanza kwa kuirusha mtandaoni hayumo ndani ya ulinzi huo, hata kama kila alichosema ni kweli.